Omari, Mshika Kisu wa Kambi Yetu

Kila vyuo vya utalii vinapofunga, hawakosekani vijana wawili watatu wanaonifuata hapa Kariakoo, kwenye kibanda changu cha maturubai na kamba. Wananiamkia vizuri, shikamoo mzee, naitikia marahaba. Halafu wanapapasa turubai kama wanaotaka kununua, na mwisho mmoja wao anajikaza: eti mzee, ni kweli ulikuwa na kampuni ya kuwindisha Wazungu huko kaskazini? Nikisema ni kweli, wananitazama mimi, wanakitazama kibanda, naona wazi kwamba jambo lenyewe haliwaingii akilini.

Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika. Ila nawaonya mapema. Anayetaka habari za simba na wageni wanaokunywa mvinyo kando ya moto akatafute kwingine, zipo tele. Mimi nataka kuwaeleza habari za Omari, aliyekuwa akishika kisu kambini kwetu, na jinsi alivyokufa akiwatafutia wenzake kitoweo cha halali. Mengine ya kazi nitayachomeka humo humo, maana na kazi nayo mnaitaka.

Kampuni ilikuwa ya watu wawili, mimi na Jayanti. Jayanti alikuwa Mhindi wa papa hapa Kariakoo, Baniani safi, hajaonja nyama wala yai tangu azaliwe. Kitalu cha uwindaji alikirithi kwa shemeji yake aliyehamia nje, kama mtu anavyoachiwa paka na jirani anayehama. Hakumtaka paka, lakini hakuwa na moyo wa kumtupa. Mimi nilikuwa dereva wa lori la kambi tangu enzi za huyo shemeji, mtu wa Liwale, nimekulia porini. Jayanti akaniita, akasema yeye atashika ofisi na makaratasi, mimi nishike pori, kitakachopatikana tugawane. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la khanga. Siku hizo porini hakukuwa na simu za mkononi, tulikuwa na simu ya upepo. Kila asubuhi Jayanti aliketi mbele yake akapaza sauti, "Kambi, kambi, hapa Kariakoo, ova," mpaka wasukuma mikokoteni kule chini barabarani wakamzoea, wakawa wanamwitikia wao: tumekupata Kariakoo, leta maneno, ova. Naye alikuwa anatoka dirishani kuwagombeza kwa Kiswahili cha sokoni ambacho hakuna mgeni wetu hata mmoja aliyewahi kukisikia.

Nianze na chumvi, kwa sababu hakuna chuo kitakachowafundisha chumvi. Mnyama akishapigwa na kuchunwa, ngozi yake haingoji. Jua likiikuta na nyama nyama, kufika kesho imeoza, na nywele zinaachia. Kwa hiyo unaikwangua mpaka iwe nyeupe, unageuza masikio ndani nje, unapasua midomo kwa ndani, kisha unasugua chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa, kavu kabisa. Mwaka wetu wa kwanza Jayanti alipata chumvi laini kwa rafiki yake, akaona ni chumvi tu, kwani kuna chumvi na chumvi? Ilikuwa na unyevu. Mgeni mmoja kule kwao alifungua sanduku akakuta punda milia mwenye kipara. Barua ya kumwomba radhi aliiandika Jayanti mwenyewe, na alitokwa na jasho kuliko siku aliyooa. Tangu hapo chumvi nilinunua mimi. Unazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko. Ukitoka na ubaridi wa maji, unamuaga mwenye duka kwa heshima na kwenda zako.

Haya ya ngozi nilifundishwa na Omari. Alikuwa Mmwera wa Nachingwea, mfupi, mkavu, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Msimu wa uwindaji ukifungwa alirudi Buguruni, kwenye chumba alichopanga na mkewe Bi Zena, aliyekuwa anauza vitumbua asubuhi. Msimu ukifunguliwa alikuwa wa kwanza kufika kwenye lori, na kifurushi chake, na kisu chake amekiviringisha kwenye kitambaa kama kitoto kichanga. Kwa nafasi ya kazi mimi nilikuwa bosi wake. Kwa ukweli wa mambo alikuwa mwalimu wangu, na sote wawili tulijua.

Kaskazini kulitutesa sisi watu wa kusini. Kitalu chetu kilikuwa nyika ya migunga na mawe, mbali na duka la mwisho, na asubuhi za Julai baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Omari alivaa makoti mawili na kofia yake ya kiua juu ya kofia ya sufu. Mfukoni alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye majivu laini. Alikitikisa kila baada ya hatua chache akatazama vumbi linaelekea wapi, ndipo akaamua tupite upande gani. Alinifundisha kwamba mnyama anaweza kukuona akapuuza, anaweza kukusikia akasita, ila akishapata harufu yako siku yenu imekwisha. Alinifundisha kuwa nyati aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Anazunguka, anarudi kusimama kando ya njia aliyopita, anakungoja wewe unayemfuata huku umeinamia damu. Nyinyi mnaopenda kutembea mmeinamia simu mngekwisha wote asubuhi moja.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuchinja. Hapa nipeni masikio. Wafanyakazi wetu wengi walikuwa Waislamu kama mimi, watu wa Lindi, Kilwa na Liwale. Kwetu sisi mnyama aliyekufa kabla kisu hakijapita ni mzoga, hatumli. Wako masheikh wanaosema risasi inayopigwa kwa Bismillah inatosha, lakini mpigaji ndiye anayepaswa kuisoma, na wageni wetu walipokuwa wanafyatua walikuwa wanasema maneno mengine kabisa. Kwa hiyo mnyama akianguka lazima mtu amwahi akiwa bado na uhai.

Sasa sheria ya wawindaji inasema kinyume. Mwindaji bingwa wetu, yaani yule mwenye leseni ya kuongoza wageni na kusimama nyuma yao na bunduki kubwa, alikuwa anaitwa Kosta. Mzungu aliyezaliwa Arusha, Kiswahili chake kama chetu. Kosta alisema mnyama mkubwa akianguka mnasubiri, mnasubiri tena, kisha mnamwendea kwa nyuma na fimbo ndefu mnamgusa jicho. Jicho lisipopepesa, amekufa. Omari akamjibu kwamba jicho lisipopepesa, watu watalala na maharage. Mmoja anataka mnyama awe amekufa ndipo amsogelee, mwingine anataka amsogelee kabla hajafa. Walikuwa wanapendana, lakini hilo walibishana miaka yote.

Walikutana katikati hivi. Nyati anayekufa hutoa mlio mmoja mrefu wa huzuni, ukiusikia mara moja huusahau. Baada ya mlio huo anabakiwa na uhai kidogo sana. Omari alikuwa anausikiliza unavyoshuka, akijua ni wakati gani hasa nguvu zimemtoka mnyama lakini roho bado ipo. Hapo anakwenda kwa upande wa mgongo, miguu ya nyati ikiwa imeelekea kwingine, anakanyaga bega, anavuta pua ya mnyama nyuma, anasoma Bismillah, anakata. Kosta anasimama na bunduki. Nilimwona akifanya hivyo kwa nyati wengi.

Balaa lilianzia kwa wageni. Wageni wetu hawakuja kula, walikuja kuchukua kichwa, wakakitundike ukutani pamoja na shingo na mabega. Kisu kikipita kooni, ngozi ya shingo imeharibika. Mgeni mmoja alikuta koo la nyati wake limefunguliwa kutoka sikio hadi sikio, akakaa chini kwenye vumbi akalia kama mtu aliyefiwa, halafu akasema hatakanyaga tena kwetu na atawaambia wenzake. Asubuhi yake nikasikia simu ya upepo kutoka Kariakoo: kuanzia leo mnyama wa kutundikwa asichinjwe, ova. Nikamwambia Jayanti kwamba karibu wote ni wa kutundikwa. Akasema basi tutawapelekea dagaa.

Kambi ya wanaume inayokula dagaa huku nyama imetundikwa mtini si kambi nzuri. Hakuna aliyegoma. Ila nyimbo zilikwisha, na wachunaji walifanya kazi bila kutazamana. Mpishi wetu, Mngoni mmoja Mkatoliki, alikuwa anakula nyama yake nyuma ya jiko kwa kujificha, asionekane anawatamanisha wenzake. Aliyeumia kuliko wote ni Omari. Yeye alijiona ndiye aliyewanyima, kwa sababu kisu kilikuwa chake.

Dawa aliipata mwenyewe. Karibu na kitalu chetu walipita Wasomali wenye ngamia, naye alipewa chai kwao, akatazama wanavyochinja. Ngamia hakatwi kooni juu. Anachomwa chini kabisa, pale shingo inapokutana na kifua, tundu moja fupi la kusimama, na damu yote inatokea hapo. Omari alirudi kambini uso umemng'aa. Tundu fupi kama lile fundi wa kule Ulaya analishona, halionekani. Akaniomba nikishuka Dar nimuulize sheikh kama nyati naye anafaa kuchinjwa hivyo.

Nilimuuliza mzee mmoja wa msikiti wa Ilala baada ya swala ya alasiri. Alitaka kwanza kujua nyati ni mnyama wa namna gani, nikamwambia ni ng'ombe asiye na adabu. Akacheka, akafikiri, akasema asili ya njia hiyo ni ya ngamia, lakini hata ng'ombe akichinjwa hivyo ni halali, mradi jina la Mungu litajwe na damu itoke. Nilipanda ngazi za ofisi mbili mbili. Jayanti alifurahi kuliko mimi, akaagiza laddu, tamutamu za Kihindi, akazigawa kuanzia ghorofani hadi kwa wasukuma mikokoteni. Kisha akashika simu ya upepo: kambi, sheikh amekubali, mwambieni Omari, ova. Nasikia kule kambini walimbeba juu juu.

Mgeni akaridhika, mfanyakazi akashiba, dini ikatulia. Misimu miwili hatukusikia ugomvi. Mtu angesema tumepata ufumbuzi mzuri, na sisi tulisema hivyo hivyo. Kitu ambacho hakuna aliyekisema kwa sauti ni kwamba ili kumkata nyati kooni unakaa nyuma yake, mgongoni. Ili kumchoma kifuani, lazima uzunguke upige goti mbele, kati ya miguu na pembe. Omari alijua. Kosta alijua, na alimwambia. Mimi nilimwambia pia, siku moja tukinoa visu. Alinijibu taratibu bila kuniangalia.

"Saidi, watu wakikaa kula nikawaona wanakula, mimi nalala. Wasipokula, silali. Sasa unataka nifanyeje?"

Nikamsogezea jiwe la kunolea.

Mwisho wa msimu wa pili ulikuwa mbaya. Mvua zilichelewa, vumbi lilitukaa kooni, na bahati ilitukimbia. Nyati wawili waliopatikana kwanza walianguka wamekufa hapo hapo, risasi ya moyo, hata Omari alipofika jicho lilikuwa limeshakauka. Mara zote mbili alirudi garini na kisu kisafi. Jioni wenzake walikula maharage na kumtania kwamba amezeeka, miguu imekuwa mizito. Walitania kwa mapenzi. Yeye alicheka nao, halafu niliona anaisogeza sahani yake pembeni.

Nyati wa tatu ndiye alikuwa wa mwisho, mgeni wa mwisho, siku chache kabla ya kufunga kambi. Dume zee, pembe zimechakaa ncha. Mgeni akapiga, nyati akaingia kwenye kichaka cha miiba, tukasikia matawi yanavunjika, kisha kimya. Baada ya hapo ukaja ule mlio. Mrefu, unashuka. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya Kosta. Tulisogea mpaka tukamwona, amelala ubavu, miguu upande wa mbali, ubavu unapanda na kushuka kwa taabu.

Kosta akainua mkono, maana yake tusubiri. Omari alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Mlio ulikuwa unakatika. Nilimjua vya kutosha kuelewa anachokiwaza: akisubiri mkono wa Kosta ushuke, watu watafunga msimu na maharage. Akaenda. Alipita mgongoni kama kawaida yake, akazunguka kichwa kwa tahadhari, akapiga goti kifuani. Nilisikia Bismillah. Niliona mkono unaingia mpaka kifundo, na damu ikaruka kwenye koti lake. Kisu kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake. Ndipo nyati akainua kichwa.

Hakuinuka mnyama mzima, aliinua kichwa tu, mara moja, kwa upande. Pembe ilimwingia Omari kwenye paja, juu kabisa, ikamwinua, ikamtupa. Kosta akafyatua, na nyati akalala. Yote yalikwisha kabla sijapiga hatua. Vijana, watu hudhani kwamba mambo makubwa ya maisha yao yatawapa nafasi ya kufikiri. Hayatoi.

Tulimfunga paja kwa mkanda wa bunduki na mashati yetu. Kosta aliendesha, mimi nilikaa nyuma na kichwa cha Omari mapajani mwangu. Kwenye simu ya upepo ya gari nilikuwa namsikia Jayanti kutoka Kariakoo, hasemi ova tena, anasema tu ndege inakuja, ndege inakuja, mwambieni ndege inakuja. Uwanja wa ndege ulikuwa wa vumbi, mbali, na njia yote ni mawe. Damu ilipita kwenye kila kitu tulichomfunga.

Omari alikuwa na akili zake. Hakuuliza kama atapona. Aliniambia nimsogelee.

"Kisu kilitangulia?"

"Kilitangulia. Nimeona kwa macho yangu."

"Kabla ya bunduki?"

"Kabla ya bunduki, na kabla ya pembe."

"Basi ni halali. Wasiitupe, Saidi. Niahidi hawataitupa."

Nilimwambia aache habari za nyama, ahifadhi nguvu zake. Akarudia, niahidi. Nikamwahidi. Nilimtamkia shahada sikioni, naye akanifuata kwa midomo. Tulifika uwanjani tukakaa kwenye kivuli cha gari, na ndege iliposikika kwa mbali Omari alikuwa ameshakwenda. Kosta alimfunika kwa koti lake mwenyewe, akatembea mpaka mwisho wa uwanja, akasimama huko ametupa mgongo.

Tulimleta Dar kwa ndege ile ile. Aliyekwenda Buguruni kumpa habari Bi Zena ni Jayanti. Nilimwuliza baadaye alimwambiaje, akasema hakumwambia kitu. Alisimama mlangoni tu, na Bi Zena alipomwangalia usoni aliweka chini chano cha vitumbua, akakaa kizingitini. Tulimzika Omari siku hiyo hiyo alasiri. Jayanti alisimama nje ya makaburi, ameshika viatu vyetu.

Kule kambini, nilivyoelezwa, watu walitaka kuizika nyama ya nyati yule. Hakuna aliyetaka hata kuisogelea. Nilikuwa nimewaachia ahadi yangu kwa simu ya upepo, na ahadi kwa maiti si jambo la mchezo, kwa hiyo hawakuizika. Waliichana vipande virefu, wakaitia chumvi, wakaianika kivulini. Hakuna aliyeila, hata mpishi. Ilipokauka wakaifunga kwenye gunia, wakaipandisha kwenye lori pamoja na mahema.

Yule mgeni alichukua kichwa chake. Alikuwa na haki nacho, na kusema kweli alilia kwa Omari, alituma salamu za pole kwa mjane zaidi ya mara moja. Mwaka uliofuata alitutumia picha ya nyati yule ukutani, juu ya makochi, na taa inammulika. Jayanti aliiweka mezani, akavaa miwani, akaitafuta alama ya kisu pale chini ya shingo. Aliitafuta muda mrefu. Fundi alikuwa ameshona vizuri sana, haikuonekana. Akaigeuza picha kifudifudi, na siku hiyo hakuwasha simu ya upepo.

Tulijaribu msimu mmoja mwingine. Kosta aliacha kazi akaenda kulima vitunguu. Wachunaji walikuja, watafuta nyayo walikuja, lakini kisu hakuna aliyekishika, nami sikumwomba mtu. Wakala dagaa, na hakuna aliyelalamika, na hapo nikajua kwamba kambi imekufa. Kitalu tulikirudisha. Jayanti alirudi kwenye duka la baba yake, mimi nikabaki na maturubai yaliyobaki, ndiyo niliyoanza kuyauza hapa. Mkiniuliza kama uwindaji ni kazi nzuri, siwezi kuwadanganya, nimeipenda kuliko kazi yoyote. Na hakuna asubuhi ninayoamka nikatamani kuirudia.

Nimeruka jambo moja, nimeliruka kwa makusudi kwa sababu ni zito kuandika. Lori lilikwamishwa njiani na mvua, likafika Kariakoo na lile gunia siku mbili tatu kabla ya arobaini ya Omari. Tuliliweka chini ya ngazi. Harufu ya nyama kavu ikapanda mpaka ofisini, na Jayanti, ambaye samaki akipita barabarani yeye hufunga dirisha, safari hii aliuacha mlango wazi. Siku ya arobaini alishuka mwenyewe akaita mkokoteni. Nilimwambia hana haja ya kuja, nitalipeleka mimi. Akasema gunia hili atalisindikiza. Tukatembea wote wawili nyuma ya mkokoteni, kutoka Kariakoo, kupita Ilala, hadi Buguruni, naye mkono mmoja ameuweka juu ya gunia ili lisianguke.

Bi Zena alikuwa kwenye eda, amekaa ndani, pazia limeshushwa mlangoni. Wanaume tulikuwa uani juu ya majamvi. Gunia lilipofunguliwa wanawake walijua mara moja ni kitu gani, na ukazuka mnong'ono. Dada mkubwa wa Bi Zena alisema wazi kwamba kitu hicho kitupwe, ni mnyama aliyemuua shemeji yao, nani atamla. Wengine wakasema kweli, kitupwe. Mimi nilikuwa na ahadi yangu mdomoni na sikuweza kuitoa, kwa sababu ile haikuwa nyumba yangu wala msiba haukuwa wangu peke yangu.

Sauti ya Bi Zena ikatoka nyuma ya pazia, akiniita shemeji kama alivyoniita siku zote.

"Alimchinja yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, Bi Zena. Kwa Bismillah, nilimsikia. Na aliniusia isitupwe."

Halafu akamwambia dada yake aloweke nyama, abandike sufuria.

Ilipikwa muda mrefu, kwa nazi, mpaka ikalainika kadiri inavyoweza kulainika. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa, sinia zikaletwa. Wali ulikuwa unatoa moshi na nyama iko juu yake, nyeusi. Wenzake wa kambini walikuwepo wote, wachunaji, watafuta nyayo, wale wale waliokuwa wanamtania kwamba amezeeka. Tulikaa tumezunguka sinia na hakuna mkono uliosogea. Nilimwona mmoja amefumba macho. Nami nilijiambia kwamba nitaosha mikono tu, nitaondoka, Mungu atanisamehe.

"Shemeji," Bi Zena aliniita kutoka ndani. "Mmekula?"

"Bado."

"Basi anza wewe. Nataka nisikie watu wanakula."

Nilichukua mnofu mmoja. Nikasoma Bismillah kwa sauti ili imfikie kule ndani, nikala. Ndipo wenzangu nao wakanyoosha mikono, na nyuma ya pazia nikamsikia Bi Zena anaanza kulia.